Mtu Aliyeketi Upande wa Pili wa Meza

Watu walimjua Reinhold Kubisch kwa uso, si kwa jina. Akiingia duka la mkate pale Potsdam, Ujerumani Mashariki, wanawake kwenye foleni walipunguza sauti, halafu mmoja akamsogelea mwenzake sikioni: "Si ndiye yule? Yule mshenzi wa kwenye filamu." Jina lake halikuwakaa kichwani kwa sababu lilitokea chini kabisa kwenye orodha ya waigizaji, baada ya vijana wazuri waliopendana na kufa mbele ya kamera. Yeye ndiye aliyewaua. Kama hakuwaua, aliwasaliti, au aliwahukumu huku akisafisha miwani.

Nyumbani alikuwa mpole kupita kiasi. Alifuga sungura uani akashindwa kuwachinja, ikawa kila Krismasi anaitwa jirani, naye Reinhold anajifanya ana shughuli posta.

Alizaliwa Zittau, kusini kabisa, mtoto wa mfuma vitambaa. Vita vilimchukua akiwa kijana na kumrudisha na pafu moja bovu. Alianza kwa kuvuta mapazia katika ukumbi wa michezo wa Görlitz, hadi siku mwigizaji mmoja alipougua na yeye akasukumwa jukwaani na kofia ya tarishi kichwani. Hakurudi tena kwenye kamba. Baadaye alihamia Potsdam, kwenye studio ya filamu, na kwa miaka ya mwanzo hakuwa chochote. Walimpa nafasi za watu wabaya kwa sababu ya ule uso wake mrefu, naye aliwaigiza kwa kelele. Alidhani ubaya ni kelele.

Halafu mdogo wake, Arndt, akavukia Ujerumani Magharibi, wiki chache kabla Ukuta wa Berlin haujafunga njia. Hakumuaga mtu. Siku ya pili watu wawili wa idara ya usalama walikuja kumchukua Reinhold mlangoni, wakamweka katika chumba chenye mapazia ya manjano.

Aliyemhoji hakutaja jina wala hakupaza sauti. Aliketi upande wa pili wa meza, akavua saa ya mkononi taratibu, akailaza kifudifudi. Alisema kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilikubidi uinamie kwake ili usikie, na ukishainama unajiona kama unayemsujudia. Maswali yake yalikuwa ya mtu aliyekuja kusalimia. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado anapanda zile ngazi za mtaa ule mwenyewe? Mkeo Traudel bado anafanya zamu ya asubuhi kwenye wodi ya watoto? Hakutisha hata mara moja. Reinhold hakuwa na la kusema, maana Arndt hakumwambia kitu, na hatimaye wakamwachia. Alitoka shati limemganda mgongoni. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, mtu akimuuliza habari za mama yake, moyo ulimdunda.

Mwaka uliofuata alipewa nafasi ya hakimu katika filamu ya zama za Manazi. Siku hiyo alikuwa amechoka na hakuwa na nguvu za kupiga kelele. Alikaa. Akavua saa, akailaza kifudifudi, akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Mwongozaji alipomaliza kupiga onyesho, hakuna aliyejongea. Fundi wa taa alisema tu, "Mama yangu."

Kuanzia hapo kazi hazikukatika. Makamishna, maafisa wa kambi, wanasheria wa mabepari, kasisi mmoja mla rushwa. Wote walikuwa mtu yule mmoja, amebadilishwa koti. Pale studio ikawa utani. Hanni Brösicke, mpambaji wa waigizaji, mwanamke wa Berlin asiyejua kumung'unya maneno, alizoea kusema huku akimpaka poda, "Haya mzee wangu, saa ikilala, mtu anakufa. Leo ni zamu ya nani?"

Hakuna aliyejua alimtoa wapi, isipokuwa mkewe. Na Traudel hakupenda. Ilitokea Reinhold akarudi kutoka kazini, akaketi mezani, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amelipia makaa ya baridi. Traudel aliweka kijiko chini.

"Leo umekuja naye tena."

"Nani?"

"Unamjua. Mwambie atoke. Mimi nimempikia mume wangu."

Ndipo, mwaka wa sabini na tisa, akapata nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Filamu ilihusu wafanyakazi wa Leipzig waliompinga Hitla, na yeye alikuwa afisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Manazi, anayewahoji mmoja mmoja. Mwongozaji, Jochen Palitz, kijana mwenye ndevu na wasiwasi mwingi, alikuwa ameiandika nafasi ile kwa ajili yake. Anayehojiwa kwenye onyesho kuu alikuwa Annett Rohloff, binti wa Cottbus, aliyetoka chuo juzi tu, mwenye kucheka ovyo na kula bila kushiba. Alimwita Reinhold "mzee Kubisch" na kumpora viazi kwenye sahani.

Asubuhi ya onyesho hilo Reinhold alikuwa kwenye foleni ya kantini, amevaa sare nyeusi, kitambaa shingoni ili poda isiichafue. Nyuma yake sauti ikaagiza supu. Ilikuwa sauti ya chini. Mhudumu wa kantini akainama juu ya kaunta. "Umesema?"

Reinhold hakugeuka. Miguu ilikuwa imejua kabla yake. Alichukua sahani bila kukumbuka aliagiza nini, akaenda kukaa na Hanni.

"Umekuwa mweupe," Hanni akasema. "Na si poda yangu, poda yangu naijua."

"Yule mtu wa koti la kijivu ni nani?"

Hanni akatazama bila kujificha. "Huyo? Komredi Neidhardt. Mshauri. Wamemleta kutoka idara ya usalama aangalie kama tunahoji watu sawasawa." Akacheka kidogo. "Palitz anamwogopa hata kumpa kiti. Unamfahamu?"

"Hapana."

Kumbe ana jina, alifikiri Reinhold. Miaka yote hiyo hakuwahi kumfikiria mtu yule na jina, wala na supu, wala na makombo ya mkate kwenye tai.

Kabla ya saa tatu asubuhi walikuwa wote kwenye seti: meza, viti viwili, dirisha la bandia. Neidhardt alikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya kamera, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri treni. Reinhold aliona vizuri sana kilichokuwa mbele yake. Akimcheza afisa yule kama walivyofanya mazoezi, Neidhardt atajiona, tena ndani ya sare ya Gestapo. Katika nchi ile, mtu wa idara kufananishwa na Gestapo halikuwa jambo la kuchekwa. Lingeweza kumfikia Palitz, ambaye hakujua lolote. Lingeweza kumfikia Traudel.

Basi akapiga kelele. Palitz alipotoa amri ya kuanza, Reinhold aligonga meza na kubwata kama miaka ile ya mwanzo.

"Simama," Palitz akasema. "Reinhold, kaka, hiyo ni nini?"

"Nilikuwa najaribu."

"Usijaribu. Mlete yule wetu."

Wakarudia. Reinhold akapiga kelele kidogo zaidi ya mwanzo, na saa akaiacha mkononi. Annett alimtazama kwa mshangao, akakosa mahali pa kushika. Mpiga picha akamwangalia Hanni. Palitz akafuta jasho na kusema watu wakapumzike.

Reinhold alitoka nje, akasimama karibu na ghala la mapambo. Hakuwa amewasha hata sigara, Neidhardt akawa pembeni yake, anamwashia yeye.

"Siku nyingine kazi hukataa," Neidhardt akasema.

Reinhold akajikuta anainama ili asikie. Akajinyoosha kwa nguvu.

"Hutokea, Komredi."

"Nimeona filamu zako. Mke wangu anakupenda sana. Anasema huwa analala vibaya ukishaonekana." Akatabasamu kwa upole. "Na mdogo wako, kule Hanover? Mgongo umepona? Nasikia alianguka kwenye ngazi."

Reinhold hakuwa na habari kwamba Arndt alianguka. Walikuwa hawajaandikiana tangu mama yao azikwe.

"Sijui," akasema.

"Mtu angepaswa kujua habari za mdogo wake," Neidhardt akasema, kwa huzuni kabisa, akaondoka zake kurudi ndani.

Sigara ilimwishia Reinhold vidoleni. Alichotarajia kuhisi ni hofu, na hofu ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine cha moto. Mtu yule hakuwa amesahau hata chembe. Alikuwa amekuja, amekunywa supu, amemtazama anavyojikanyaga mbele ya watu, na alikuwa anafurahia. Reinhold aliitupa sigara akaingia ndani. "Tuanze," alimwambia Palitz.

Safari hii alikaa taratibu. Alivua saa. Aliilaza kifudifudi juu ya meza na kuisogeza kidogo kwa kidole kimoja, ikae sambamba na ukingo. Alimuuliza Annett habari za baba yake, kama ilivyoandikwa, kwa sauti ambayo msimamizi wa vipaza sauti alilazimika kuongeza nguvu ili aidake. Annett akainama kuelekea kwake. Machozi yakamtoka binti yule kabla ya mahali yalipopangwa kutoka.

"Simama," Palitz akasema baada ya muda mrefu.

Reinhold aliinua macho akamtazama Neidhardt. Alikuwa akilisubiri hilo kwa miaka, bila kujua kwamba anasubiri: mtu yule ajione, na aibu imshuke.

Neidhardt alikuwa anatikisa kichwa kukubali, polepole, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Hakukuwa na aibu. Alijiona, na alijipenda.

"Vizuri sana," akasema, akasimama. "Jambo moja tu, kama mwongozaji ataniruhusu. Saa inatolewa mapema mno. Hapo binti bado hana sababu ya kuiangalia. Mwache kwanza aongee kidogo, ajisikie nyumbani. Akianza kutazama mlango, hapo ndipo unaivua."

Palitz akaitikia haraka. "Safi. Safi kabisa. Reinhold, umesikia?"

Reinhold alikuwa amesikia, na kibaya zaidi, ushauri ule ulikuwa sahihi. Aliliona onyesho zima linavyokaa vizuri zaidi kwa namna ile. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kuivaa saa tena ili arudie, mwanafunzi mtiifu, ndipo akaiacha.

"Sijaelewa," akasema.

"Ni rahisi, kaka. Akitazama mlango—"

"Sijaelewa," Reinhold akarudia. Akasimama, akakivuta kile kiti nyuma. "Komredi Neidhardt mwenye ujuzi yuko hapa. Anionyeshe. Mimi hujifunza kwa macho."

Mpiga picha aliondoa jicho kwenye kamera. Neidhardt alikitazama kiti, akamtazama Reinhold, na kwa kitambo kidogo ilionekana angekataa. Lakini taa zilikuwa zimewaka, na watu wote walikuwa wanamngoja.

"Mara moja tu," akasema. Akafungua vifungo vya koti, akakaa.

Hakufanya kitu kikubwa. Alianza kuzungumza na Annett kuhusu baridi ya humo ndani, akamuuliza kama amekula. Annett akadhani ni mchezo, akajibu, hata akacheka. Aliuliza chuo alisoma wapi, mwalimu gani alimpenda. Taratibu sauti ikashuka. Annett akainama. Katika kuinama akageuza macho kidogo kumtafuta Palitz, kule mlango ulikokuwa, na hapo Neidhardt akavua saa yake mwenyewe, akailaza kifudifudi, akaisogeza kwa kidole kimoja ikae sambamba na ukingo wa meza.

Reinhold hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiwatazama wengine. Fundi wa taa juu ya ngazi alikuwa amekaza macho kwenye kile kidole. Hanni, aliyesimama na kopo la poda mkononi, alimgeukia Reinhold, akamtazama kwa muda, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeambiwa msiba. Hakuna aliyesema neno. Hapakuwa na mtu kwenye seti ile ambaye hakuijua saa ile.

Palepale Neidhardt akasema, kwa sauti ileile, "Na mama yako, Annett? Bado anafanya kazi maktaba ya Cottbus? Alisema anaomba ruhusa ya kwenda kwenye mazishi ya dada yake, kule Magharibi. Wamemjibu?"

Hayo hayakuwa kwenye filamu. Kicheko kilichokuwa kimebaki usoni mwa Annett kilikaa pale kama kitu alichosahau kukiondoa. "Bado," akasema. "Bado hawajamjibu."

"Watamjibu," akasema Neidhardt.

Reinhold alifika mezani kwa hatua mbili. Hili hakuwa amelifikiria. Alitaka mtu yule aonekane. Hakupata kuwaza ni nani atakayekuwa amekaa mbele yake wakati anaonekana. Aliichukua saa kutoka mezani, akaigeuza uso juu, akamnyooshea.

"Inatosha. Chukua saa yako, Komredi."

Ndipo Neidhardt alipousikia ule ukimya. Alizungusha macho polepole: ngazi, kamera, kopo la poda. Akaelewa. Damu ilimpanda kuanzia kwenye ukosi wa shati, na kwa mara ya kwanza Reinhold akamwona hajui mikono yake aiweke wapi. Aliipokea saa. Ilimchukua muda kuifunga. Kishikizo kilimponyoka mara mbili.

"Una macho mazuri, Kubisch," akasema akiwa amesimama. Safari hii kila mtu alisikia.

Akatoka. Hakuna aliyemsindikiza.

"Umefanya nini," Palitz akasema, si kama swali. "Umetufanya nini, Reinhold?"

Annett alikuwa bado kwenye kiti. Reinhold alipomgusa bega, alijikunja akajiondoa. "Niache, mzee Kubisch. Tafadhali. Niache kidogo." Hanni akaja akamkumbatia, akampeleka chumba cha mapambo.

Jioni ile Reinhold alimweleza mkewe yote, hakuacha hata la Annett. Traudel alisikiliza mikono ikiwa ndani ya maji ya vyombo.

"Watakuondoa," akasema.

"Ndiyo."

"Na yule binti?"

"Sijui."

Traudel akakausha mikono kidole kimoja kimoja. "Ulipaswa kumfikiria yeye kwanza," akasema. Halafu akakaa, akamkamata mkono, hawakuwasha taa.

Hakuna aliyekuja mlangoni. Kila gari lililopunguza mwendo mtaani liliwafanya wanyamaze, na halikusimama. Wiki zikapita hivyo. Onyesho likapigwa upya na mwigizaji mwingine, mtu wa kelele. Simu ya studio haikulia tena. Alipokwenda kuuliza, katibu aliyemjua miaka mingi alimwambia, akitazama dirishani, kwamba kwa sasa hakuna nafasi zinazofaa sura yake.

Aliyemchukua hatimaye ni ukumbi mdogo wa michezo kaskazini, karibu na Ueckermünde, ambako waigizaji walikuwa wachache na hakuna aliyeuliza sana. Walimpa babu mlevi katika mchezo wa kuchekesha. Siku ya kwanza ya mazoezi alisimama jukwaani akaona hana kitu. Alipotafuta sauti, ilikuja ile. Aliikataa, na nyuma yake hapakuwa na nyingine. Akaomba radhi, akaenda kukaa chooni, mtu mzima karibu na miaka sitini, akilia kwa kuwa hajui kuigiza. Kesho yake alirudi akaongea kama baba yake alivyoongea Zittau, kwa zile r nzito za kusini zilizowachekesha watu wote wa kaskazini. Wakacheka. Akaendelea.

Annett alikuja kumwona Ukuta ulipokuwa umeshaanguka, majira ya kuchipua. Alikuwa mwanamke mzima, nywele fupi, mtoto mdogo amelala begani. Traudel akaweka viazi vya kukaanga na mayai bila kuuliza kama wana njaa.

"Walimwita mama wiki ileile," Annett akasema. "Mazishi hakwenda. Kazi walimwondoa, akapelekwa ghala la vitabu, kwenye vumbi. Mimi waliniacha."

Reinhold aliweka uma chini.

"Nilikukasirikia miaka mingi. Watu studio walikusifu chinichini. Mzee Kubisch alimvua nguo mtu wa idara. Mimi nilikuwa nataka kutapika." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Ulijua atanifanyia vile?"

"Nilijua atakaa kwenye kile kiti. Sikujua atakuuliza ya mama yako."

"Lakini ulikuwa unamjua. Ulijua huwa anauliza nini."

Reinhold alimtazama Traudel, naye hakumsaidia.

"Ndiyo," akasema. "Nilijua huwa anauliza nini. Sikukufikiria wewe hata kidogo. Nilimfikiria yeye tu."

Annett alimtazama moja kwa moja, kama anayepima iwapo mtu aliye mbele yake anacheza. Kisha akapumua.

"Mama yuko hai," akasema. "Anataka kwenda Hamburg kuliona kaburi la dada yake. Kesho kutwa nampeleka."

"Mwambie—" Reinhold akaanza.

"Sitamwambia kitu. Ukitaka, njoo umwambie mwenyewe. Garini kuna nafasi."

Mtoto akaamka akaanza kulia. Traudel akamchukua, akamzungusha jikoni akimwimbia kitu kisicho na maneno. Annett, mikono ikiwa sasa huru, alikula sahani yake yote bila kuinua kichwa, halafu akanyoosha uma akachukua kiazi kwenye sahani ya Reinhold. Naye Reinhold alikuwa ameshaanza kumuuliza mkewe lile koti lake la safari liko wapi.